Mikono ya Papa Adjudan

Mwezi uliopita nilirudi Kisangani kusimamia ujenzi wa ukuta kwenye parseli, yaani kiwanja, ya marehemu bibi yangu, kule Mangobo. Siku ya pili koleo la fundi liligonga chuma ardhini. Mafundi wote watatu walitupa vifaa wakakimbilia barabarani, hata yule aliyezaliwa vita vikiwa vimekwisha. Kumbe ni mfuniko wa sufuria uliooza. Walirudi wakichekana. Mimi sikuweza kucheka. Nilikaa juu ya mfuko wa saruji nikamkumbuka mtu ambaye mtaani hakuna tena anayemtaja.

Tulimwita Papa Adjudan, kwa cheo alichokuwa nacho jeshini zamani. Kikosi chake kiliposambaratika alirudi kwa miguu kutoka Ubundu akifuata reli, akaanza kuziba matairi ya watolekisti, wale wanaobeba abiria kwa baiskeli. Viatu vya askari hakuviacha. Alfajiri, kabla kina mama hawajaanza kutwanga pondu, majani ya mihogo, ungesikia brashi yake ikivisugua, na kikohozi chake kikavu. Hakuwa na mke. Bibi yangu, tuliyemwita Koko, alipoponda lituma, ndizi zingali za moto, alinituma nimpelekee sahani. Wakikutana getini alimpigia Koko saluti, na Koko akicheka: "Ee Papa, mimi si jenerali!"

Halafu majeshi mawili ya kigeni yakapigana katikati ya mji wetu. Sitakueleza kila kitu, rafiki yangu. Tulilala chini ya kitanda, tukanywa maji ya ndoo moja mpaka yakawa na ladha ya kutu. Papa Adjudan tulikuwa hatumwoni, tukadhani amekufa. Siku moja asubuhi mama mdogo, kitindamimba wa Koko, aliyekuwa akinisuka nywele kila Jumapili, alitoka kwenda jikoni kuwasha moto. Bomu liliangukia jiko. Njia ya makaburini ilikuwa haipitiki, tukamzika nyuma ya nyumba, karibu na matembele.

Vita vilipokwisha, Papa Adjudan alirudi, amekonda, hatazami mtu usoni. Mabomu yasiyolipuka yalikuwa kila mahali: chini ya mihogo, kwenye mitaro, moja ndani ya choo cha shule. Wataalamu wa kuyategua walikuwa hawajafika mtaani kwetu. Basi akaanza yeye. Alilala kifudifudi, akachimba kwa kijiko cha mbao, polepole kama mtu anayemwondolea mtoto mwiba. Kisha alilibeba bomu mwenyewe kifuani hadi kwenye shimo la zamani la udongo wa matofali, nje kabisa ya makazi. Alitufundisha sisi watoto: "Ukiona chuma, usiguse. Simama, uite mukubwa." Koko alirudia kunituma na sahani. Alisema yule mtu Mungu amemleta.

Asubuhi moja alikuja kwetu. Koko alimpa kiti, akakataa kukaa.

"Mama, iko neno."

"Sema, Papa."

"Siku za vita, bale basoda ba kigeni balinikamata. Balijua mimi nilisomea muzinga. Baliniweka pale, bunduki kwa mugongo. Nilitupa mabomu mingi. Ingine ilianguka huku." Alitazama viatu vyake. "Ile yenye iliua mutoto wako, sijue. Pengine ni ya mukono yangu."

Koko alikuwa akichambua maharagwe. Vidole vyake havikusimama. Alichambua mpaka maharagwe ya ungoni yakaisha, ndipo akasema, "Toka kwa parseli yangu." Akatoka. Tangu siku hiyo sahani haikupelekwa tena, na saluti ilipopigwa Koko alipita kama anapita kando ya mti. Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu, "Mutoto, kuna chakula kinaoza mukononi."

Msimu wa mvua ulifika. Nikiwa napalilia matembele, jembe langu lilisugua kitu, nikaona mapezi ya chuma yametokeza udongoni, hatua chache kutoka kaburi la mama mdogo. Nilisimama, nikaita. Koko alikuja, akaangalia. Aligeukia kaburi, kisha akanigeukia mimi.

"Enda umuite," alisema.

Nilimkuta amejifunika blanketi juu ya mkeka, malaria imemshika, meno yanagongana. Nilipomwambia ni kwa Koko, aliamka. Alivaa viatu vyake, akajaribu kufunga kamba, akashindwa, nikamfungia mimi. Njiani alisimama mara mbili kupumua.

Alifika bustanini, akapiga saluti. Koko hakuitika. Alipotoa kile kijiko cha mbao niliiona mikono yake ikitetemeka, yote miwili, hadi viwiko. Niligeuka nikamtazama Koko. Alikuwa anaiangalia mikono hiyo hiyo. Ilitosha mtu kusema, "Acha, Papa, urudi ukipona." Neno fupi tu.

"Muende nyuma ya ukuta wa jirani," Papa Adjudan alituambia. "Mulale chini, kinywa wazi."

Tulikwenda. Nilihesabu matofali ya ukuta. Nilikuwa sijafika mbali bomu lilipolipuka.

Tulimzika siku iliyofuata. Kwenye kambi ya jeshi walisema jina lake halimo kwenye orodha yoyote, kwa hiyo hakukuja bendera, hakukuja mtu. Watolekisti walibeba jeneza. Koko aliosha kiatu kimoja kilichopatikana, akakipiga rangi mwenyewe, akakiweka ndani kabla ya msumari. Hakulia. Wanawake walimsifu kwamba amesamehe.

Miaka mingi baadaye, akiwa kitandani, hawezi tena hata kumeza uji, alinishika mkono. "Siku ile," aliniuliza, "wewe uliona mikono yake?"

"Hapana, Koko," nilisema. "Sikuona kitu."

Alinitazama sana, kisha akageukia ukutani. Sijui kama aliniamini.

Juzi nilikwenda makaburini kumtafuta Papa Adjudan. Mvua imekata kilima, msalaba wake wa mbao umekwenda na udongo, na mahali hapo watu wamelima mihogo. Watolekisti wengi wamehamia pikipiki. Kule bustanini, juu ya lile shimo la bomu, sasa kuna ukuta mpya mzuri, na mafundi wananiuliza niupake rangi gani. Koko hayupo. Aliyeiona mikono ile ikitetemeka, akanyamaza, nimebaki mimi peke yangu.