Fulana Inayochelewa Kukauka

Dada yangu ni dobi. Kwa miaka kumi na tisa amefua mashuka ya hospitali na jezi za shule, na mimi ndiye mpiga pasi wake. Mpe nguo yoyote, ataishika kwa vidole viwili akuambie itakauka saa ngapi. Fulana ya pamba hukauka mwisho, ndivyo alivyonifundisha. Ndiyo maana jambo la mwaka jana lilimvunja moyo.

Mwaka jana mwanawe alikimbia mbio za mlimani siku ya baridi kali. Dada alimvalisha fulana mbili za pamba na sweta zito juu yake, binti akatoka mlangoni na joto lake kama mkate. Kupanda tu akalowa jasho. Kule juu upepo ukamkuta na pamba mbichi mwilini, na alipookotwa kando ya njia alikuwa akisema maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Akalazwa siku tisa, kifua kimembana. Mashuka aliyolalia aliyafua mama yake, nami nikayapiga pasi.

Kikohozi kilipoisha, binti akaanza kukimbia tena. Kumkataza ilikuwa kutwanga maji kwenye kinu. Kwa hiyo asubuhi ya mbio za mwaka huu, nyasi za uani zikiwa zimeganda nyeupe, nilimkuta dada ametandaza nguo juu ya meza yangu ya pasi.

"Hii ya nailoni iguse ngozi, haishiki jasho," alimwambia binti. "Juu yake fulana nyembamba ya sufu. Sufu hata ikilowa haikutupi. Halafu koti la kuzuia upepo."

Koti hilo alilishona mwenyewe kwa kitambaa cha njano cha hema kuukuu. Halikuwa na pacha mji mzima.

"Na sweta?"

"Hakuna sweta."

"Mama, nitaganda."

"Hapa mlangoni utatetemeka. Ukifika kona ya pili utaniombea dua."

Maneno ya ushujaa hayo. Binti alipotoka nje meno yakigongana, dada alikimbilia ndani akarudi na lile sweta. Nikamshika mkono. Hofu aliyokuwa nayo nilikuwa nayo pia, ila ilibidi mmoja wetu ajikaze.

"Mchelea mwana kulia hulia yeye, dada."

"Mimi nilishalia," alisema. Lakini hakumfuata. Alibaki amelikumbatia sweta, na akaja nalo hadi chini ya mlima, kwenye kamba ya kumalizia mbio.

Wakaja wa kwanza. Wakaja wa katikati. Wakaja hata wale wanaotembea wakishika viuno. Upepo ulikuwa unakata masikio, na kila baada ya dakika dada aliniuliza kama naona njano. Nilimjibu bado, bado, hadi nikachoka na neno lenyewe.

Kisha nikaiona. Wanaume wawili walikuwa wakishuka wamembeba mtu mwenye koti la njano, kichwa kimelegea.

Dada hakupiga kelele. Alisema, "Nimemuua," kwa sauti ya kawaida kabisa, halafu akakimbia, yeye ambaye hata mvua ikikuta nguo kambani huenda mwendo wa bibi harusi. Nilimfikia akiwa ameushika uso wa yule mtoto kwa mikono miwili. Hakuwa wake.

Binti yetu alikuwa nyuma yao, kwa miguu yake mwenyewe, na fulana tu.

"Alikuwa amekaa kando ya njia, Mama," alisema. "Anaongea ovyo. Kama mimi mwaka jana. Nikamvisha koti."

Dada akapitisha mkono mgongoni mwa mwanawe, chini ya nguo. Alikuwa mkavu, na mwenye joto. Hapo ndipo nilipomwona dada akivuta pumzi.

Hakukaa kushukuru. Tulimkinga yule mtoto kwa kitenge changu, dada akamvua fulana zilizolowa, moja, mbili, tatu, zote za pamba, akamvalisha lile sweta kavu. Koti akamrudishia binti. Mama wa mtoto akafika mbio, hana hata kiatu kimoja.

"Nilimfunika vizuri," alikuwa akirudia. "Nilimfunika vizuri mwanangu."

Dada alikuwa bado ameshika zile fulana, maji yakidondoka.

"Najua, mama," alisema. "Wangu pia nilimfunika hivihivi."

Mtoto akaanza kutetemeka ndani ya sweta, kwanza mabega, kisha mwili mzima. Mama yake akashtuka, akamng'ang'ania dada mkono.

"Anatetemeka."

"Mwache atetemeke, ndiyo anarudi," dada alimwambia, naye mwenyewe akitetemeka.