Aliyeshika Kijiko

Katika hospitali nyingi za hapa Bujumbura, mgonjwa anakula akiletewa na anaoga akiogeshwa na watu wake. Mtu anayekaa naye kwa kazi hiyo tunamwita murwaza. Mwaka ule murwaza nilikuwa mimi, kwa sababu mama yangu alivunjika nyonga na ndugu zangu wote ghafla wakawa na shughuli nyingi. Nilifunga kiduka changu cha kushona mtaani Nyakabiga, nikabeba sufuria na mkeka, nikahamia wodini.

Kwenye kitanda cha jirani walimleta mwanamke aliyeungua. Esanse, yaani petroli, ilikuwa haionekani vituoni, na kila mwenye akili ya biashara alikuwa na madumu yake ya kuuza uvunguni. Mume wa mwanamke huyu alikuwa mmoja wao. Habari iliyokuja naye wodini ni kwamba waligombana, mke akajimwagia esanse mwenyewe, akajiwasha. Mikono yake yote miwili ilifungwa bandeji hadi viwikoni, hata kikombe hakuweza kushika. Murwaza wake alikuwa wifi yake, dada wa mume. Mama yake mzazi alikuwa ng'ambo, Uvira, upande wa Kongo, na hakuna aliyejisumbua kumpigia simu.

Polisi alikuja siku ya pili. Nilikuwa nachambua mchele hatua mbili kutoka pale, nikasikia yote. Wifi alikuwa ameketi kitandani, bakuli la uji mapajani, kijiko mkononi.

"Ni nani alikumwangia esanse?" polisi akauliza.

Mwanamke akamtazama wifi. Wifi akachota uji.

"Ni miye," mgonjwa akasema. "Nilikuwa na hasira."

Polisi akaandika. Mgonjwa hakuwa na kidole cha kuweka kwenye karatasi, kwa hiyo polisi akatia sahihi yake peke yake na kwenda zake. Dakika tano hazikutimia.

Jumapili wifi alikwenda kusali, akamwacha mgonjwa na njaa asubuhi nzima. Mimi sina moyo wa kumlisha mtu mmoja huku wa pili ananitazama. Mama yangu alipomaliza uji wake, nikahamia upande wa pili na sufuria. Alikula vijiko vinne, kisha akageuza uso.

"Dada, mi siponi. Daktari alisema hapa, alifikiri nimelala."

"Kula kwanza."

"Apana, sikiliza. Sikujichoma miye. Nilikuwa nimeinama ku beseni, nafua. Bwana yangu alikuja nyuma, akanimwangia ku mugongo, akapiga kibiriti."

"Na mbona ulimuambia polisi ni weye?"

"Nilifikiri nitapona. Ningerudi wapi, kama si kwao? Na hapa nani angenilisha?" Akanigeukia tena. "Mama yangu asisikie ati nilijiua. Umuambie."

Alifariki Jumanne.

Sasa niseme aibu yangu. Sikumwita muuguzi, sikumtafuta polisi. Mama yangu, ambaye alisikia kila neno, alinivuta kitenge akaninong'oneza, "Usijiingize mu mambo ya nyumba ya watu." Nami nikatii, mimi ambaye mdomo wangu unajulikana Nyakabiga nzima. Hizo siku chache za kunyamaza bado zinaniuma, na sitafuti mtu wa kunisamehe.

Nilikwenda kuzika. Mchungaji wa kanisa lao alikuwa amekataa kuja kuomba. Mama wa marehemu alikuwa ameingia asubuhi ile kutoka Uvira, baada ya jirani mmoja kumpa habari. Alipofungua mdomo tu kulia, mjomba wa mume akamkatiza.

"Mama, nyamaza. Mutu aliyejiua hatumulilii."

Yule mama akajiziba mdomo na kitenge, akanyamaza. Alinyamaza kweli! Hapo damu ilinichemka. Nilimshika mkono, na palepale kaburini, mbele ya ukoo wote wa mume, nikamwambia neno kwa neno alichoniambia binti yake. Walinisukuma, walinitukana, mmoja alinipasulia blauzi niliyojishonea mwenyewe. Kesho yake asubuhi tulikuwa polisi, mimi na yule mama. Njiani aliniambia kwamba hatamlilia mwanawe mpaka serikali iandike kwamba hakujiua. Hakutaka kulia kwa wizi.

Mama yangu aliporuhusiwa nilirudi dukani, na miezi iliyofuata ukoo wa mume ulinitumia wageni. Wa kwanza alikuja kwa upole, wa pili kwa vitisho. Wa tatu, bibi mmoja wa kanisani kwao, aliniuliza natafuta nini katika nyumba ya watu. Nilimwambia natafuta aliyepiga kibiriti, na kama hana nguo ya kushona aniachie kiti.

Siku ya kesi, wakili wa mume alisoma karatasi ya polisi mara mbili, polepole, kama anasoma Injili. Kisha akanigeukia.

"Mama, marehemu alikuwa na dawa za maumivu mu mwili. Unajua zinachanganya akili?"

"Alikuwa nazo hata siku ya polisi," nikajibu. "Mbona ile unaisoma mara mbili?"

Watu wakacheka. Jaji akagonga meza.

"Weye si ndugu yake. Kwa nini akuambie weye?" wakili akauliza.

"Kwa sababu siku ile kijiko kilikuwa ku mukono wangu."

Jaji akataka nieleze. Nikaeleza. Kwenye korido za mahakama nilikuwa nimewasikia wakubwa wakisema kwamba anayekufa hasemi uongo. Mimi siamini hivyo. Anayekufa husema uongo vizuri kabisa kama bado anategemea kupona na kurudi mikononi mwa watu walewale. Nikamwambia jaji kwamba mbele ya polisi mwanamke yule alizungumza kama mtu atakayerudi nyumbani, na kwangu alizungumza kama mtu asiyerudi popote. Achague ni yupi kati yao alikuwa huru.

Jaji akamwita wifi.

"Polisi alipouliza, ulikuwa wapi?"

"Ku kitanda, Prezida. Nilikuwa namulisha," akajibu, akimpa jaji cheo chake cha mahakamani.

"Alijibu polisi mbele ya kupewa uji, ao nyuma?"

Wifi alimtazama kaka yake. Akasema hakumbuki.

Ndipo ikasomwa ripoti ya daktari. Moto ulianzia mgongoni, kutoka shingoni hadi kiunoni. Mbele hakuwa na jeraha, ila mikono ile aliyojaribu kuzimia moto. Wakili akaanza kupanga karatasi zake upya, na mimi nikamkodolea macho mpaka akakaa.

Hukumu ilisomwa majuma kadhaa baadaye, kwa Kifaransa, haraka haraka. Mume alipatikana na hatia ya kuua. Kabla sijatoka mlangoni wakili wake alishatangaza kwamba atakata rufaa. Na akate. Mdomo wangu hauendi popote, na wakiniita mara kumi nitakwenda mara kumi.

Yule mama hajui Kifaransa. Alinisubiri kwenye ngazi za nje, mkoba wake kifuani.

"Wamesema nini?"

"Wamesema hakujiua. Ni bwana yake alimuua."

"Wameandika?"

"Wameandika, mama. Iko mu hukumu."

Akaweka mkoba chini, akaketi ngazini, akalia. Alilia kwa sauti kubwa, akimwita mwanawe kwa jina, mpaka wenye kesi nyingine wakatoka kutazama. Askari wa mlangoni akaja mbio.

"Mama, hapa si pahali pa kulia."

Nikamwambia askari asogee pembeni. Kisha nikaketi karibu na yule mama na kuanza kulia na mimi, kwa sauti yangu yote.