Bwana Shamba na Maandazi ya Kilimo Hai

Pale Namchi, mji wa vilimani, ukiuliza nyumba ya Harkabir Rai utatazamwa tu. Sema Bwana Shamba, utapelekwa hadi mlangoni. Kwa miaka kumi na minane mzee huyu alipanda na kushuka vilima vile, begi begani, akiwataka wakulima watoe mbolea za chumvichumvi na chupa za dawa za kupulizia. Aliyekubali alipewa mkono. Aliyeficha gunia chini ya kitanda, Bwana Shamba aliinama akalivuta mwenyewe. Watu walimnunia. Mama mkwe wake alikaa mwezi mzima bila kumsemesha, sababu ni nusu gunia la mbolea. Siku hizi kilima chote kinalimwa kwa samadi, naye amestaafu na cheti kimoja ukutani na imani moja moyoni: kilichoota bila sumu hakiwezi kumdhuru mtu.

Imani hiyo ndiyo iliyomponza.

Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, mtoto wa jicho, yote mawili. Ilifika mahali akamwamkia ng'ombe wa jirani, akamuuliza na habari za watoto, huku jirani mwenyewe amesimama kando anatazama. Madaktari wa kupasua macho hupanda Namchi mara moja kwa mwaka, mwezi wa kumi, kabla ya Tihar, sikukuu ya taa na ya ndugu. Mwezi wa nane Daktari Nimkit Lepcha, binti mdogo anayetibu katika hospitali ya pale, alimpima damu akamwambia wazi, "Mzee, sukari iko juu. Isiposhuka, hawakugusi."

Harkabir alitii, kwa namna yake. Alitupa biskuti za kiwandani, akaacha sukari nyeupe kwenye chai, kisha akajikongoja hadi kwa dada yake Jasmati, penye kibao cha kijani kilichosema: CHAKULA CHA CHAPUCHAPU, CHA KILIMO HAI. Jasmati hukaanga chipsi, tambi, na selroti, yale maandazi ya mduara ya unga wa mchele. Viazi na mchele vyatoka mashamba ya jirani, na mafuta ya haradali hukamuliwa kijijini. Kwa Harkabir, kila sahani ilikuwa dozi. Asubuhi selroti nne na sukari guru, mchana tambi, jioni chipsi.

"Ongeza, dada," alikuwa akisema. "Hii inasafisha damu."

Wateja wakimwona Bwana Shamba mzima anatafuna pale, nao waliagiza bila wasiwasi. Jasmati aliliona hilo, akaongeza unga.

Mwezi wa tisa alipimwa tena. Daktari aliangalia namba, akamwangalia mzee, akairudia namba.

"Imepanda."

"Mashine yenu mbovu."

"Unakula nini, mzee?"

Akavitaja vyote kwa majivuno, pamoja na jina la mwenye kila shamba. Daktari alijiziba mdomo kuficha kicheko.

"Mzee wangu, viazi visivyo na sumu ni jambo jema, hata mimi navila. Lakini ukivitosa kwenye mafuta ni chipsi hizo hizo. Na sukari guru ni sukari. Damu haisomi kibao. Umebakiwa na mwezi mmoja wapasuaji waje."

Mganga hajigangi, walisema wahenga, na huyu hata kusikia hakutaka. Alitoka pale amefura, akaenda moja kwa moja kwa Jasmati, akaketi.

"Katoto ka juzi kananifundisha mimi kilimo! Eti sukari imepanda. Lete selroti nne."

Jasmati alisimama na mwiko mkononi. Wateja sita walikuwa wanakula, na wote walikuwa wameacha kutafuna.

"Sikupi."

"Nini?"

"Sikupi, Kaka. Macho yatafumba mazima, na mimi ndiye nitakayekuwa nimekulisha."

"Kwani chakula chako kina sumu?"

"Chakula changu kisafi, kila mtu hapa anajua. Lakini ni cha kukaanga. Mtu anakula siku ya gulio, anafurahi, anakwenda zake. Wewe umehamia!" Akawageukia wateja. "Na nyie msiniangalie hivyo. Sikuandika dawa pale juu, nimeandika chakula."

Mmoja alicheka. Harkabir hakucheka. Alipoongea, sauti ilikuwa ndogo.

"Basi nilikwenda kuwanyang'anya watu mifuko yao ya mbolea kwa nini, Jasmati? Miaka yote ile. Kama hakiponyi, nilikuwa nafanya nini?"

Hapo dada mtu alimhurumia kweli. Aliweka mwiko chini, akaketi karibu naye.

"Ulikwenda ili tusinywe maji yenye sumu. Mume wangu alikuwa akipulizia dawa anakohoa hadi asubuhi, umesahau? Tangu ulipomnyang'anya lile bomba la dawa, hakukohoa tena. Hiyo ndiyo kazi uliyofanya. Selroti nne kila asubuhi hukutumwa na mtu."

Kwa mwezi mzima Jasmati alimpelekea chakula nyumbani: ugali wa ulezi, kiasi cha ngumi, na mchuzi wa majani ya sisnu, yale yanayowasha mpaka yachemshwe. Harkabir alilalamika kwa kila tonge. Alitembea hadi sokoni na kurudi kila siku, akiwalalamikia na watu wa njiani. Wateja wa Jasmati walipungua wiki ya kwanza, kisha wakarudi. Tangu mwanzo walipenda chipsi, si afya. Na mwezi wa kumi sukari ilikuwa imeshuka, madaktari wakampasua macho.

Siku ile ya Tihar ambayo dada huwapaka kaka zao rangi saba usoni, Harkabir aliketi kwenye mkeka, taji la maua shingoni, macho yote mawili wazi. Jasmati aliinama, akaanza kumpaka kwenye paji. Mkono wa dada ulikuwa karibu kabisa na uso wa kaka, na kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko ulikuwa na madoadoa, mengine meusi ya zamani, mengine bado mekundu. Harkabir alikuwa amekula kutoka mkono ule kila siku.

Aliushika.

"Dada, hii nini?"

"Mafuta yananirukia, Kaka," alisema Jasmati, akichovya kidole kwenye rangi nyingine. "Ya kilimo hai."

Harkabir alitaka kucheka, akashindwa, na hakuuachia ule mkono.