Siku Niliposoma Midomo ya Mtahini

Masikio yangu niliyaacha kiwandani, miaka ile sukari ilipokuwa na soko na watu wakipanda miwa mpaka nyuma ya jikoni. Nilifanya kazi karibu na vinu vya kusagia, na kelele zile zilinila polepole kama mchwa anavyokula nguzo. Sikio la kushoto likafa kabisa. La kulia likabaki na mvumo tu. Msimamizi akanihamishia mashambani, niwe nikikagua miwa ya wakulima, kwa sharti kwamba nipate leseni ya pikipiki.

Kuendesha nilijua. Kilichonitisha ni mtahini. Alikuwa afisa wa polisi, mtu wa Pwani, sare yake imepigwa pasi mpaka ikasimama. Kakamega nzima ilijua kwamba yeye husema mara moja, na asiyesikia anarudi nyumbani. Wenzangu wakanishauri nisitaje habari za masikio.

"Wewe itikia kwa kichwa tu," mmoja aliniambia, "halafu fanya vile umeona wengine wakifanya."

Mke wangu alikataa katakata. Tulikuwa tumepanga chumba Amalemba, na kila jioni alisimama uani akinisemesha bila kutoa sauti, nami nikisoma midomo yake: simama, geuka, punguza mwendo. Majirani walidhani tumegombana.

"Mwambie ukweli, Baba," alisema. "Akikukataa, akukatae akijua."

Zamu yangu ilipofika nilizima injini, nikavua helmeti.

"Afande, mimi sisikii vizuri. Mashine za kiwanda ziliniharibu. Lakini ukinitazama unaposema, nitaelewa."

Nadhani mtu alicheka nyuma yangu, kwa sababu macho ya afande yalipita juu ya bega langu yakawa makali. Kisha yakanirudia.

"Lori la miwa likikujia kwa nyuma, utalisikiaje?"

"Sitalisikia, afande. Nitaliona. Nina vioo viwili, na shingo yangu bado inageuka."

Jua lilikuwa mgongoni kwake, uso wake umeingia gizani. Akanizunguka, akasimama upande wa pili ili mwanga umwangukie yeye, ndipo akasema. Hakupiga kelele wala hakupanua mdomo kama watu wanavyotufanyia sisi viziwi.

"Nenda mpaka njia panda. Hapo shika mkono wa kuume, uzunguke, urudi. Utanikuta barabarani. Nikiinua mkono, simama papo hapo."

Yote niliyapata isipokuwa neno moja. Nilikuwa nikingoja "kulia" au "kushoto", na midomo yake haikusema mojawapo.

"Naomba urudie, afande."

Yule asiyerudia akarudia, taratibu, na neno likawa lile lile. Kuume. Niliona haya kuuliza tena. Nikavaa helmeti, nikaondoka.

Barabara ya murramu iliteremka, na njia panda ikawa inanijia huku nikilitafuna lile neno. Nyumbani kwetu tulisema kulia, na wengi wetu tulisema kuria. Kuume nilikuwa nimelikuta wapi? Ndipo nikakumbuka kanisa. Kila Jumapili tulikiri kwamba Bwana ameketi mkono wa kuume wa Baba, na katekista wetu alikuwa akiuinua mkono wake kutuonyesha. Nikatoa ishara, nikatazama nyuma, nikageuka kulia.

Nilipokuwa nikirudi niliona Landrova ya polisi kwenye kioo, imenikaribia. Nikasogea kando, nikaipungia ipite. Mbele zaidi afande alikuwa amesimama katikati ya barabara. Akainua mkono. Nikafunga breki, gurudumu la nyuma likaburuzika kidogo, nikasimama.

Alikuja mpaka mbele yangu.

"Dereva wangu amekupigia honi tangu njia panda."

"Sikumsikia, afande."

"Najua. Lakini ulimwona, ukampisha." Akatia sahihi karatasi yangu. "Usidhani nimekuhurumia. Ungekosea, ningekurudisha nyumbani kama mwingine yeyote. Kila unapogeuka, tazama mara mbili."

Nimekutana na watu wema wengi tangu nipoteze masikio. Wengine hunisemesha kama mtoto, wengine humuuliza mke wangu jambo langu nami nimekaa pale pale. Yule afande alinipa mtihani mzima, mgumu kuliko wa wenzangu, na kabla ya kunipa alihakikisha kwamba nimeuelewa. Heshima ya namna ile sijaipata mara nyingi.

Krismasi ile nilimpakia mke wangu tukaenda kwao Mautuma. Njia nzima alikuwa akinigonga bega kila gari lilipotujia kwa nyuma, ingawa nilikuwa nimeshaliona.