Vijiji vya Mzee Niamat

Agosti 2021, wageni walipopigwa marufuku kwa sababu ya korona kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi hapa Westmead, ughaibuni, kumwogesha Mzee Niamat kuligeuka safari. Nikimpaka sabuni mgongoni, ananitembeza kwa maneno kwao Punjabi: mji mdogo wa Kot Jalwan, mtaa mmoja wa maduka na mtambo wa kukamulia miwa. Ukivuka mfereji, Thatta, kwa wafinyanzi. Halafu Chak Namba Tisa, watu wa kesi zisizokwisha. Halafu Dhok Sohna, alikooa. Hakuruka kijiji hata siku moja.

Lakini kila alipoulizwa anaishi wapi, alijibu, "Kot Jalwan." Wauguzi wakaandika kwenye faili kwamba amechanganyikiwa.

Iliniudhi mpaka kichwa kikaniuma. Sisi Warundi ukimwuliza mtu kwake ni wapi, anakutajia kilima cha babu yake, hata kama amepanga Auburn, mtaa wa jirani na hapa. Mimi nimezaliwa kambi ya wakimbizi ya Mtabila, Tanzania. Kilima changu nakijua kwa kusimuliwa na mama tu. Nami nimechanganyikiwa? Mwacha asili ni mtumwa, tunaambiwa. Hapa asiyeiacha anafungiwa mlango.

Nikamfuata Chebet, muuguzi wa zamu, Mkenya.

"Najua, Fébronie, lakini assessment ya akili yake ni Alhamisi," akasema. "Akifeli anahamishwa secure unit. Mlango unafungwa, bustani haoni tena."

"Si mmpigie binti yake aeleze?"

"Fomu inataka jibu la mzee mwenyewe, dada."

Basi nikamfundisha, siku tatu, kama kasuku.

"Unaishi wapi, baba?"

"Kot Jalwan."

"Westmead! Sema Westmead!" Nilimfokea, nakiri.

Kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza akaniambia taratibu, "Mtu akitaja anapolala tu, nani atajua pa kumzika?"

Nikarudia swali, maana Alhamisi ilikuwa kesho yake.

Daktari alipouliza, mzee alinitazama mimi kwanza.

"Westmead."

Akafaulu. Nilikimbilia chumba cha mashuka, nikacheka peke yangu ndani ya barakoa.

Ijumaa nikampaka sabuni, nikangoja safari. Haikuja. Nikaianza mwenyewe.

"Tumetoka Kot Jalwan, tumevuka mfereji. Hiki kijiji gani, baba?"

Akakaa wima, mikono magotini, kama mbele ya daktari.

"Westmead," akasema.