Jiwe la Mama na Breki za Remoki

Kosa langu lilikuwa hili: nilijaribu breki mtaani kwangu, Ngagara. Ngagara ni tambarare; pale hata mkokoteni husimama wenyewe ukichoka. Nilifunga remoki tupu nyuma ya gari langu kuukuu, nikazunguka mitaa miwili, nikakanyaga, ikasimama. Nikarudi kichwa kimevimba.

Remoki niliazimwa na jirani yangu, fundi magari, aliyekuwa akinywa chai mlangoni pake.

"We mutu wa kujua kiti na redio tu," akaniambia kuhusu breki, "freni yako inajua gari tu. Haijui muzigo unaoisukuma nyuma. Niachie mpaka Jumamosi, niweke freni za nguvu, na remoki nayo niipatie yake."

Kusubiri ndiko kulikonishinda. Mama alikuwa peke yake kule juu Mutanga Sud wakati wa vita, risasi zikilia mlimani, na kwa miezi alikataa kuhamia kwangu. Jana yake tu ndipo alipokubali, kwa sharti kwamba kabati la marehemu baba lije naye. Mama akikubali Jumatano, Jumamosi anaweza kuwa ameshakataa. Nikaenda.

Kurudi ni kuteremka. Kabati likiwa kwenye remoki na mama kando yangu katika kitenge cha kanisani, pedali ya breki ikazama laini kama uji. Remoki ikatusukuma. Nikaingiza gia ya kwanza, injini ikapiga yowe, nikavuta breki ya mkono mpaka tukasimama ukingoni mwa mtaro. Nikangoja aseme: nirudishe kwangu.

Akashuka, akaokota jiwe kubwa.

"Enda polepole, mutoto wangu. Mi nitatembea nyuma. Ukisimama, naweka jiwe kwa gurudumu."

"Apana, mama! Utachoka."

"Nilikufundisha kutembea. Ulikuwa unaanguka mubaya kuliko hii."

Basi tukashuka hivyo: mimi ndani, kwa mwendo wa kinyonga, yeye nyuma, jiwe kiunoni kama amebeba mtoto mchanga. Kila breki zilipotoa moshi nilisimama, naye akainama kuweka jiwe, kisha akalichukua tena. Nikitaka kushuka nimsaidie, ananikemea nisiachie pedali. Kila kona nilipiga klaksoni kwa nguvu zote, maana ndiyo kazi pekee niliyoimudu. Kwenye kizuizi cha barabarani askari alimuuliza mama jiwe ni la nini.

"Ni freni," akasema mama, na askari akainua kamba bila kutazama kabati.

Tulifika Ngagara kabla ya giza. Fundi akagusa gurudumu, akavuta kidole haraka, akakipuliza. Mama alikuwa ameshamsimulia safari nzima, jiwe na klaksoni, na kuingia ndani kuchagua ukuta wa kabati, jiwe lake bado mkononi.

Nikamuuliza fundi, kwa sauti ya chini, kama kweli nilihitaji kubadilisha breki.

"Hii gari iko na freni moja tu, ni mama yako. We uko klaksoni."