Krismasi yangu ya kwanza ugenini Kibera, na gauni lililompwaya mke wangu

Wakuu wa jukwaa hili, wakubwa kwa wadogo, nawasalimu wote.

Haya ninayoandika yamenipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa. Kama kuna mahali nitakosea basi ni kwenye tarehe, maana mimi na tarehe hatujawahi kupatana.

Shule niliishia darasa la tatu. Naandika kwa kidole kimoja, na hicho kidole kimechomwa sindano miaka mingi mpaka screen ya simu wakati mwingine inakikataa. Kwa hiyo mkiona herufi imeruka, mvumilie.

Mimi ni fundi cherehani. Kwetu ni Bunda, Tanzania. Mwezi wa pili mwaka jana nilivuka mpaka wa Sirari nikaja Nairobi kwa rafiki yangu Wekesa. Huyu ni Mluhya wa Bungoma, tulishona wote Mwanza zamani, sasa ana kibanda chake cha ushonaji hapa Sarang'ombe, Kibera. Aliniambia njoo mzee, kazi iko. Nikaja na mkasi wangu.

Najua kuna mtu atasema Kenya nayo ni ughaibuni? Mkuu, ukiamka asubuhi ukasikia redio ya jirani inasoma habari za rais ambaye si wako, hapo uko nje. Usibishe.

Sasa niwaeleze jambo moja la nyumbani kwangu ili muelewe yanayokuja.

Tangu nimuoe Mama Neema, kila Krismasi namshonea gauni. Siku mbili kabla ya sikukuu anasimama uani, nampima kwa mikono yangu. Tepu ninayo, ila yeye nampima kwa kamba yenye mafundo kama nilivyofundishwa na mzee aliyenipa ufundi. Fundo la kifua, fundo la kiuno, fundo la urefu. Yeye hapo anasema maneno yote ya mwaka mzima. Fulani kazaa, fulani kahama, jino linauma, paa linavuja. Mimi kazi yangu ni kupima na kusema "ehe".

Sijawahi kukosa hata mwaka mmoja. Hata mwaka ule nilioumwa malaria nilimpima nikiwa nimekaa.

Basi mwaka jana nikakata tiketi mapema, niondoke tarehe ishirini na mbili.

Huku Nairobi mwezi wa kumi na mbili watu wote wanakwenda ocha, ndiyo kijijini kwao. Ploti yetu ina milango kumi na miwili, ikabaki mitatu. Hata yule jirani wa kugombana na mkewe kila Jumapili akaondoka. Kulikuwa kimya mpaka nikamkumbuka.

Wekesa naye akafunga mizigo. Akaniambia, "Mzee, usikae hapa kama guard. Enda kwenu uone Mama Neema."

Nikamwambia tiketi ninayo mfukoni, wewe nenda.

Siku hiyo hiyo akaja Mama Mwende. Huyu ni mama wa Kitui, anakaa Kawangware upande wa Gatina, anauza nafaka, na ndiye kiongozi wa kwaya kanisani kwao. Walikuwa wameniagiza majoho ishirini na sita ya rangi ya damu ya mzee. Nilikuwa nimeyamaliza, yamepigwa pasi, yananing'inia kama watu.

Akayatazama. Akashika kiuno.

"Mzee, ni masmart kabisa. Lakini tumekaa kama kamati, tumeona kola ziwe white."

"Zote?"

"Sasa tutavaa nusu nusu kama ng'ombe? Zote. Na Krismasi asubuhi lazima tuvae, wageni wanakuja."

Hapa wakuu ndipo nilipokosea, na sina wa kumsingizia. Ningesema nina safari, mama yule angeelewa. Sikusema. Sisi mafundi tuna ugonjwa wetu, mteja akikusifia kazi unapoteza akili. Nikasema sawa, yatakuwa tayari. Tiketi yangu nikamuuzia kijana wa Migori.

Nikampigia Mama Neema kumwambia siji mpaka Januari. Akasema, "Haya. Kazi ni kazi."

Nikaona mambo yameisha. Wanaume jamani.

Tena niseme ukweli, kuanzia kama mwezi wa nane alikuwa hataki video call. Mara simu yake camera imeharibika, mara bundle limeisha. Ananitumia voice tu. Nilidhani amenikasirikia kwa kukaa muda mrefu, nikaona bora nisichokonoe.

Basi nikasema mimi siendi, lakini gauni liende. Mchana mmoja majoho yakisubiri kola, nikakata kitenge cha bluu chenye maua ya njano. Kipimo? Kichwani. Mwili wa mke wangu naujua kuliko njia ya kwenda chooni, na huku Kibera njia ya chooni lazima uijue. Kumuuliza mke wako kiuno chako ni ngapi kwenye simu, niliona ni aibu, kama kumuuliza jina lake.

Nikalituma kwa basi. Likaenda badala yangu.

Krismasi yenyewe nikaamka nikakaa kitandani sijui nifanye nini. Nyumbani saa hizo ningekuwa nakimbizana na kuku. Hapa kuku wenyewe walikuwa wa mwenye ploti.

Nikavaa, nikatembea mpaka Kawangware kanisani, angalau nikaone majoho yangu. Kwaya ikaingia. Wakuu, sikusikia hata wimbo mmoja, nilikuwa naangalia mapindo. Bass wa tatu lake lilikuwa refu upande wa kushoto, mpaka leo linanisumbua.

Ibada ilipoisha Mama Mwende akanishika mkono. "Wewe unaenda wapi? Utakula nini huko peke yako, uzi?"

Nikapanda naye ghorofa ya tatu kwake Gatina. Alikuwepo mume wake, Baba Mwende, fundi wa mabomba, mtu mpole ambaye anacheka kabla hujamaliza kusema. Chapati zilikuwa mlima. Sisi kwetu sikukuu ni pilau, hawa wenzetu Krismasi bila chapo wanaona kama hamjasali. Nilikula tatu, ya nne nikawekewa bila kuulizwa.

Hapo simu ikalia. Picha, WhatsApp, kutoka kwa binti yangu Neema. Ndiye anayekaa na mama yake.

Mama Neema amesimama mlangoni na gauni la bluu, anatabasamu.

Nikawapa waione. Mama Mwende akapiga kelele, "Wah! Mama Tanzania ameiva! Baba Mwende, ona vile wenzako hushonea wake zao."

"Mimi nitakushonea bomba," mumewe akasema, wakacheka.

Simu ikarudi kwangu. Nikaangalia tena, sasa kwa jicho la kazi.

Mshono wa bega ulikuwa umeshuka, uko juu ya mkono. Mikono ya gauni imefika kwenye vidole. Mikunjo ya kifuani imelala, haina cha kushika. Na mkono wake wa kulia ulikuwa nyuma. Nikajua anafanya nini. Ameshika kitambaa nyuma amekikunja, ili mbele lionekane limemkaa.

Nikarudisha chapati kwenye sahani.

"Mbona umeacha kula mzee?" Mama Mwende akauliza. "Kwani ni stew iko na pilipili?"

Nikasema, "Gauni kubwa."

"Si utapunguza ukienda."

Nikasema, "Mama, mimi sikosei gauni la huyu mtu."

Nikampigia pale pale mezani. Akapokea na kicheko. "Baba Neema, umewashonea hao wanawake wa Nairobi mpaka umenisahau! Hili gauni tunaingia wawili."

"Liko nyuma umelikunja?"

"Kidogo tu."

"Kidogo ni vidole vingapi?"

Akaniuliza kama nimekula.

"Mama Neema. Vidole vingapi?"

Akasema taratibu, "Kiganja kizima. Na kingine."

Viganja viwili, wakuu. Nikamuuliza tangu lini, nikasikia simu inabadilisha mkono. Neema akaja.

Binti yangu ni mtu wa kusema haraka, lakini siku hiyo maneno yalitoka moja moja. Kwamba mama anakonda tangu mwezi wa saba. Kwamba anakunywa maji ndoo na haachi kwenda nje, usiku na mchana. Kwamba macho yanamfanyia ukungu. Kwamba yeye amemsihi mara ngapi waende hospitali.

"Sasa kwa nini hamjaenda?"

"Anaogopa, baba. Anasema ataenda ukija Krismasi. Anataka akiambiwa, uwe umekaa pembeni."

Nikaweka simu mezani.

Yaani ile "haya, kazi ni kazi" aliyoniambia, alikuwa anameza hilo. Mimi nilikuwa napiga hesabu ya kola.

Sioni aibu kusema nililia mbele ya chakula cha watu. Nikawaeleza yote, na tiketi nikaitaja. Mama Mwende akashika kichwa.

"Mzee! Ulikuwa na safari na hukusema? Aki si ningeimba hata na leso shingoni! Kwani Mungu anaangalia kola?"

"Wachana na kola," Baba Mwende akasema, na hapo hakuwa anacheka tena. "Mzee, kesho kuna gari za kwenda Kisii. Ukifika Kisii utapata ya Migori, Migori mpaka border ni hapo tu. Utalala hapa, asubuhi nakupeleka stage mwenyewe."

Na kweli alinipeleka. Mama Mwende akanifungia chapati kwenye gazeti, nyingi, kama naenda vitani.

Nilifika Bunda siku ya pili yake, jua limeshatoka. Mama Neema alikuwa anafagia uwanja, anafagia mara tatu anapumzika. Aliponiona hakukimbia wala hakulia. Aliegemea ufagio akasema, "Umekuja na chapati? Nasikia harufu."

Mtu wa hivyo ndiye nimekaa naye miaka yote.

Nikamwambia vaa viatu tunaenda. Akasema ngoja nioge. Nikasema utaoga ukirudi. Akasema, "Na nisiporudi?" Nikamwambia basi oga.

Alikuwa na sukari, wakuu. Imepanda mpaka nesi alirudia kupima akidhani mashine imekosea. Daktari alitwambia wiki moja au mbili zaidi tungekuwa tunaongea habari nyingine. Akalazwa siku nne. Jibu lilipokuja alinishika mkono kwa nguvu mpaka pete ikaniumiza, halafu akamuuliza daktari swali moja tu, "Ugali ninaruhusiwa?"

Akaambiwa kidogo. Akaniangalia kama mimi ndiye niliyepunguza.

Siku ya tatu hospitalini nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Nilitegemea aseme hakutaka kunitia wasiwasi. Hapana. Alisema, "Hukuniuliza. Kila ukipiga ulikuwa unaniambia wewe unashona nini. Nikasema akija kunipima ataona."

Hilo neno nimelibeba. Sina la kujitetea hapo.

Sasa nifunge maana nimewachosha. Ninyi mlio mbali, iwe Dubai iwe Kibera, pesa mnatuma, zawadi mnatuma, vizuri sana. Lakini muulize mtu wako: unalala vipi, unakula nini, nguo zako zinakukaa? Halafu nyamaza umsikilize mpaka amalize. Na kama hataki video call, usijifariji kwamba amenuna.

Mwenye swali aulize, na kama yamekukuta ya namna hii andika hapa chini, nitasoma zote, hata kama ni polepole. Mwenye mgonjwa wa sukari anipe maarifa ya chakula pia, hasa cha asubuhi. Matusi nayo leteni, kwa hili nastahili machache.

Kuna mtu atauliza Mama Neema sasa yuko wapi. Yuko hapa hapa Sarang'ombe. Mimi nilitangulia kurudi kazini, na mwezi wa tatu, alipopata nguvu, nilimfuata nikaja naye. Anatoboa matundu ya vifungo, anagombana na Wekesa kuhusu siasa za nchi ambayo si yake, na kila mwezi tunakwenda kliniki pamoja, mimi nakaa pembeni. Chai tunakunywa wote bila sukari. Ni mbaya sana, sitawadanganya.

Dakika hii amekaa kitandani nyuma ya cherehani. Ameniuliza naandika nini tangu mchana. Nimemwambia nawaandikia watu, nangoja wanijibu.

Amesema, "Na mimi nimekuuliza mara mbili kama unataka mhogo, nangoja unijibu."

Ngoja nimjibu, wakuu.